Maboga, nyanya na simu: maswali yenu ya Oktoba

Oktoba imefika hapa Uingereza na wenye bustani mnavuna mbio mbio kabla ya jalidi. Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya picha.

Maboga yangu ni ya rangi ya chungwa kabisa, lakini nikiyapiga picha jikoni usiku yanatoka manjano mabaya. Simu ni mbovu?

Simu haina kosa, taa ndiyo yenye kosa. Balbu nyingi za nyumbani zina mwanga wa manjano. Ngoja asubuhi, zima taa zote, weka boga karibu na dirisha ili mwanga ulipige ubavuni. Upande wa pili ukiwa na giza mno, simamisha karatasi nyeupe upande huo, utaona tofauti papo hapo.

Au toka nje. Sisi tuliokulia chini ya jua la utosini tumezoea kukimbia picha za mchana, lakini jua la huku ni jingine. Mwishoni mwa Oktoba, London, hata adhuhuri halifiki nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Ni kama jua la Dar es Salaam saa kumi na nusu jioni. Kwa hiyo piga hata saa sita. Siku ya mawingu ni nzuri zaidi kwa nyanya na pilipili hoho, maana ngozi zake hazitoi ule mng'ao mweupe unaofuta rangi.

Mchicha unanyauka kabla sijamaliza kuupanga mezani.

Usiupange mezani. Upige picha asubuhi ungali shambani, udongo na yote. Kusema kweli, mboga zilizooshwa na kupangwa kwa rangi hunichosha. Ila usichelewe: usiku mmoja wa jalidi kali, mchicha na majani ya maboga vyote vinalegea na kuwa vyeusi.

Nikituma kwa WhatsApp picha inafifia.

Inabanwa ili iwe nyepesi. Itume kama hati, ubora utabaki. Lakini hati hubeba pia taarifa za ndani za picha, pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera yako inarekodi. Kwa dada yako Mombasa si neno. Kwenye kundi la watu usiowajua, zima kipengele hicho kabla hujapiga picha.

Ndugu nyumbani wameona picha, sasa wanasema nina shamba Ulaya, niuze niwatumie pesa!

Pole, ndugu yangu. Ulipiga kwa karibu mno. Boga likijaza picha nzima, nani atajua ni dogo au kubwa? Weka mkono wako pembeni yake, kisha rudi nyuma uzio uonekane, na kibanda cha jirani pia. Kiwanja kizima cha kukodi kutoka halmashauri, kwa kipimo cha kale, ni kama mita za mraba 250, na wengi hupewa nusu tu. Tena waambie sheria ya 1922 inavitambua viwanja hivi kuwa ni vya kulima mboga na matunda hasa kwa chakula cha mlimaji na familia yake. Wakiendelea kudai, watumie picha ya bili ya maji.

Mama mkwe hataki nionyeshe mavuno, ati yataingia jicho.

Msikilize. Huna haja ya kubishana naye. Piga picha zako, zitunze kwenye simu, vuna, mpelekee yeye fungu la kwanza, halafu ndipo utume kwa wengine. Picha haiozi.

Nyanya zangu zote bado za kijani. Nizipige hivyo hivyo?

Zipige, ni nzuri mno zikichanganywa na maboga. Kisha zitie kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, ambayo hutoa gesi ya ethilini inayoziivisha, na uliweke ndani pasipo na baridi. Zipige tena kila baada ya siku chache, kutoka pale pale, uone rangi inavyopanda. Zitakazogoma, zitengenezee achari.