Jibu: Kwa nini mkuki wa woomera unaenda mbali, na mkono ni ule ule?

Mkuu, umeuliza kijiti cha kurushia mkuki, yaani woomera, kinaongezaje nguvu. Hakiongezi nguvu, kinaongeza kasi.

Woomera ya wenyeji asilia wa Australia ni wenzo. Kwenye ncha yake kuna kijino kilichofungwa kwa ukano wa kangaruu na kugandishwa kwa utomvu wa nyasi za spinifeksi. Kijino hicho kinaingia kwenye kitundu nyuma ya mkuki. Ukirusha, kiganja kinazunguka tao fupi, lakini kijino kiko mbali zaidi na bega, kwa hiyo muda ule ule kinapita tao refu. Gharama yake ni kwamba mkono unahisi mzigo mzito zaidi, maana kwenye wenzo wa aina hii unatoa kani ili upate kasi.

Sasa kumbuka nishati mwendo ni nusu ya masi mara kasi kipeo cha pili. Kasi ikiongezeka mara 1.5 tu, nishati ya mkuki inapanda mara 2.25. Hapo ndipo kangaruu anapoangushwa!

Mimi navutiwa zaidi na woomera ya jangwani, pana kama sinia jembamba. Kwenye mpini imegandishwa kipande cha jiwe kikali cha kukatia na kuchongea, na ukingo wake unasuguliwa juu ya mti mkavu mpaka moto uwake. Msuguano unageuza mwendo kuwa joto. Mwindaji anatembea na kifaa kimoja, kazi zote zimo.