Maswali ya wasomaji: Zen ya nyumbani na Zen ya ukumbini

Barua za safari hii kuhusu Zen, tawi la dini ya Buddha, zinazunguka jambo moja. Mtu ana desturi yake ya kukaa kimya nyumbani, kisha anakutana na kikundi chenye taratibu zake, au kikundi hakipo kabisa. Tumechagua tano.

Wapendwa wahariri, nimekaa zazeni, ule ukaaji kimya wa Zen, peke yangu miaka mitatu: dakika ishirini kila alfajiri, macho nimefumba, nahesabu pumzi. Sasa nimejiunga na dojo, ukumbi wa mazoezi, hapa Brussels, na huko kila nifanyalo ni kosa. Mguu niliotanguliza mlangoni, mikono, macho, hata upande niliogeukia. Isitoshe, kiongozi anazungumza katikati ya ukimya. Je, niache ya kwangu, au niwafuate kwa nje tu huku moyoni nabaki na yangu?

Dada, usiache, na wala usiigize. Mwili wako ukiwa ukumbini ufuate ukumbi, wote, bila kuchagua. Hesabu ya pumzi endelea nayo mpaka mwalimu akwambie vingine. Hakuna anayeiona.

Mambo unayosahihishwa hayakubuniwa Brussels. Ni ya Soto, moja ya shule za Zen, na mtawa Dogen aliyeileta Japani ndiye mwenye kuyatilia mkazo hivyo. Alirudi kutoka China mwaka 1227, akaandika maelekezo ya zazeni kwa watu wote, kisha mwaka 1244 akaanzisha monasteri inayojulikana leo kama Eiheiji. Aliweka taratibu hata za kunawa uso na kwenda msalani.

Kwa hiyo jifunze mfuatano mmoja mzima, usiokoteze vipande. Ingia kwa mguu wa kushoto, ukipita upande wa kushoto wa mlango. Tembea mikono ikiwa kifuani: ngumi ya kushoto imefungia kidole gumba ndani, kiganja cha kulia kimeifunika. Ukifika kwenye mto wako, kutanisha viganja na uinamie mahali pako. Hapo unawasalimu pia walio kulia na kushoto. Geuka kwa mkono wa kulia, inamia walio ng'ambo, keti, kisha geuka tena kulia uelekee ukutani. Yumbisha kiwiliwili kushoto na kulia, kwa upana kwanza halafu kidogo kidogo hadi kitulie katikati. Mkono wa kushoto ukae juu ya wa kulia, gumba zikigusana kwa wepesi. Zikibonyezana una wasiwasi, zikiachana umeanza kusinzia. Kengele tatu, zazeni imeanza, na aliyechelewa anasubiri nje. Kengele mbili, mnainuka kwa kinhini, ule mwendo wa nusu hatua kwa kila pumzi. Kengele moja, kila mtu anarudi kwenye mto wake.

Wote wanapogeuka kulia, watu ishirini wanapita kwenye chumba kidogo gizani bila kugongana wala kuulizana. Wewe peke yako ukigeuka kushoto, jirani yako anashtuka.

Macho ni habari nyingine, na hilo tunakushauri ulibadilishe hata nyumbani. Yawe nusu wazi, yakitazama chini kama mita moja mbele. Ukifumba, usingizi unakuja, na baada yake picha na ndoto ambazo wengi huzidhania kuwa maendeleo.

Kuhusu kiongozi kuzungumza, hiyo ni desturi ya nyumba yenu. Vikundi vinavyotokana na Taisen Deshimaru, Mjapani aliyefika Paris mwaka 1967, hutoa mafundisho mafupi ya mdomo wakati watu wameketi. Nyumba nyingine za Soto hukaa kimya kabisa. Usiyatafune maneno yale wala usiyapinge kichwani. Yaache yapite, rudi kwenye uti wa mgongo.

Nyumbani usihamishie hekalu zima. Chukua matatu tu: kuinamia mto, kuyumba kabla ya kutulia, na kuinuka taratibu. Na usipandishe dakika 20 zako ziwe 40 kwa sababu dojo wanakaa 40. Tunaliona sana kosa hili: wiki ya kwanza inapita kwa shauku, ya pili mtu anaruka siku mbili, ya tatu ameacha. Baki na 20 za kila alfajiri, hizo 40 zikae ukumbini. Mtoto akilia nyumbani, inuka umshughulikie.

Baada ya miezi miwili mitatu, muulize mwalimu kuhusu hesabu ya pumzi. Muulize nje ya ukumbi, swali moja, fupi. Akikwambia uiache ukae tu, iache kote kwa mwezi mzima. Kuhesabu nyumbani na kutohesabu dojo hukufanya uanze upya kila unapoketi.

Shikamooni. Niko Tanga, najifunza ushonaji. Nasoma habari za Zen kwenye simu na nakaa kila usiku, lakini sina kikundi wala mto maalumu. Nakalia mto wa kulalia nilioukunja. Magoti yananing'inia na mguu unakufa ganzi. Naweza kushona zafu, ule mto wa kukalia, mwenyewe? Na bila kikundi, hii ni Zen kweli?

Marahaba. Zafu ya kiasili hujazwa sufi, na wewe uko kwenye nchi ya misufi, kwa hiyo umeshamaliza nusu ya kazi.

Tafuta kitambaa kizito cha pamba cha rangi iliyokolea. Kata duara mbili za kipenyo cha sentimita 28, na ukanda mmoja wa sentimita 150 kwa 18. Ukanda uwekee marinda 30 yanayotazama upande mmoja, kila moja likila kama sentimita 2, juu na chini yakilingana. Acha nafasi ya mshono sentimita 1.5. Shona ukanda kwenye duara ya kwanza, kisha ya pili. Ncha za ukanda zipishane kama sentimita 12 bila kuzishona pamoja, huo ndio mfuko wa kujazia. Watu huharibu kwenye marinda: yakiwa mapana upande mmoja, mto unakaa mshazari na kiuno chako kinaufuata. Yapige pini yote kwanza, pima mzunguko, ndipo ushone.

Sufi ianike, ichambue kwa vidole itoke mbegu na mabonge, jaza ukisukumia kwanza kwenye kingo na mwisho katikati. Kilo moja hadi moja na nusu inatosha. Mto uwe mgumu kuliko unavyodhani unahitaji, kwa kuwa sufi hulala. Ndani ya miezi michache utaongeza kiganja au viwili kupitia ule mpishano.

Kalia theluthi ya mbele tu ya mto. Nyonga ziwe juu kuliko magoti, na magoti yote mawili yaguse mkeka au blanketi lililokunjwa. Goti likining'inia, ongeza kimo cha mto au weka kitambaa chini ya goti. Usilisukume chini kwa mkono. Mzunguko wa mguu utoke kwenye nyonga. Maumivu makali ndani ya goti maana yake goti ndilo linalopindwa, basi fungua mguu uuweke mbele ya mwingine badala ya juu ya paja. Ganzi yenyewe si hatari, hatari ni kusimama nayo. Subiri mguu urudi, wengi wameteguka kifundo hapo hapo.

Na ndiyo, ni zazeni. Unachokikosa ni jicho la mtu mwingine. Jirekodi kwa simu kutoka ubavuni dakika tano za mwisho, wakati mwili umechoka na unasema kweli, uangalie kama sikio liko juu ya bega. Kisha weka simu mbele uone kama pua inalingana na kitovu. Ukipata kikundi kinachokaa kwa mtandao, jiunge mara moja kwa wiki. Cha Ufaransa kikianza saa moja jioni kwao, kwako ni saa tatu usiku wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi.

Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Mombasa, naishi London. Nakaa na kikundi cha Soto kila Jumatano. Sasa wamenialika seshini, yaani mazoezi ya siku nyingi mfululizo, ya siku saba mwezi Desemba. Swala zangu nitafanyaje, na kule kusujudu mbele ya sanamu?

Halali na haramu muulize shehe unayemwamini. Sisi tutakueleza kinachofanyika, ili swali lako kwake liwe kamili.

Seshini ya Desemba mara nyingi ni ile ya tarehe 1 hadi 8, kumbukumbu ya kuamka kwa Buddha, na ndiyo nzito kuliko zote za mwaka. Watu huamka alfajiri sana na kukaa vipindi vingi hadi usiku, kukiwa na kazi za mikono na milo ya kimya katikati. Sanamu iliyo katika ukumbi wa zazeni kwa desturi ni ya Manjushri, anayewakilisha hekima katika Ubudha. Ibada ya asubuhi hufanyika mbele ya Buddha: sutra, yaani maandiko ya Kibudha, hughaniwa, na kila mtu husujudu mara tatu, magoti, viwiko na paji la uso vikigusa sakafu, viganja vikiinuliwa hadi usawa wa masikio. Kuinamia mto na majirani ni salamu, jambo tofauti na hilo. Ibada waweza kuomba kutoihudhuria, au kusimama kimya nyuma. Viongozi wengi hukubali wakiambiwa mapema kwa barua. Ukiwaambia asubuhi ya kwanza mlangoni, unawavurugia mpango wa viti na wa zamu.

Hutakuwa wa kwanza kuomba. Sanbo Zen, shule nyingine iliyoanzishwa Japani na mwalimu Yasutani mwaka 1954, imefundisha mapadre na masista wengi wa Kikatoliki. Padre Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle alifundishwa humo na akafundisha wengine, naye akabaki padre. Kikundi cha Soto hakilazimiki kufuata mfano huo, lakini kiongozi wako ataufahamu.

Swala zenyewe ni suala la saa. Mwanzoni mwa Desemba London, adhuhuri inaingia kabla kidogo ya saa sita, alasiri kabla ya saa nane, na magharibi kabla ya saa kumi. Tatu zote zimebanana ndani ya saa nne. Adhuhuri itaingia kwenye mapumziko baada ya chakula. Kwa alasiri na magharibi tumia kinhini, ambayo huchukua kama dakika kumi na ndiyo nafasi inayokubalika ya kutoka. Kaa na udhu tayari, omba kiti karibu na mlango, tafuta mapema chumba na kibla chake, urudi kabla ya ile kengele moja. Mwambie mpiga kengele, asije akakutafuta.

Jikoni, milo kwa kawaida haina nyama. Uliza tu kuhusu mirini na sake, ambazo ni za kilevi na huingia kwenye michuzi ya Kijapani bila mtu kuzifikiria.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja: siku saba hazikosi Ijumaa. Ushauri wetu ni uanze na kikao cha siku moja cha Jumamosi, kisha cha siku mbili. Ukiona swala na kengele vimekaa pamoja bila wewe kukimbia ngazi, ndipo uandike barua ya Desemba.

Mwalimu wa mtandaoni amenipa koani ya Mu, yaani kisa kifupi cha kukifanyia kazi katika mazoezi. Kikundi changu hapa Toronto kinafundisha kukaa tu, bila kitu cha kushika. Nafanya vyote viwili kwa zamu. Kuna ubaya?

Upo. Mtawa alimuuliza Joshu, mwalimu wa kale wa Zen huko China, kama mbwa ana asili ya Buddha, naye akajibu "Mu", yaani hapana. Koani hiyo hufanyiwa kazi kwa kwenda mbele ya mwalimu tena na tena, katika seshini hata zaidi ya mara moja kwa siku, naye alikatae jibu lako. Bila hivyo inageuka kitendawili, na utajitungia jibu la kupendeza. Muulize huyo wa mtandaoni atakuona mara ngapi kwa mwezi. Akisema hawezi, iweke kando ukae kama kikundi chako. Akiweza, na wewe ukaamua kwenda naye, mwambie kiongozi wa kikundi waziwazi. Wengi watakuruhusu uendelee kuketi nao.

Tafadhali msitaje jina wala mji. Mwalimu wetu anasema mazoezi yangu ya nyumbani ni kiburi, na kwamba mwanafunzi wa kweli hakatai kitu. Anataka tukutane faragha usiku nyumbani kwake, na ameniomba fedha nisizoweza kuzitoa. Huu ndio unyenyekevu wa Zen?

Hapana, ndugu yetu. Kukubali kusahihishwa mguu mlangoni hakumpi mtu ruhusa ya kuingia kwenye fedha zako au mwili wako. Kukutana ana kwa ana na mwalimu, dokusani, kuna mipaka inayojulikana: hufanyika kituoni, ndani ya saa za mazoezi, kwa dakika chache, wengine wakiwa ukumbini na wakijua uko wapi. Sadaka ni hiari, na kiwango cha ada huandikwa kikajulikana kwa wote.

Mwaka 1983 kituo kikubwa cha Zen cha San Francisco kilitikiswa na mwenendo wa mkuu wake, na tangu hapo vituo vingi vya Marekani vimeandika kanuni za maadili na kuteua watu wa kupokea malalamiko. Omba kanuni hizo kwa maandishi kutoka kwa bodi au katibu wa kituo, si kwa mwalimu mwenyewe. Usiende usiku. Hifadhi ujumbe wote aliokutumia. Ikiwa amekugusa au amekutishia, nenda polisi kwanza, bodi baadaye.

Mazoezi ya nyumbani endelea nayo. Bodi isipokujibu ndani ya wiki mbili, tafuta kikundi kingine, na mto wako kauchukue mchana, wakati watu wapo.