Jibu: Kuimba, kuchekesha na vikaragosi, mkate unapatikana?

Ndugu, umeuliza kama mtu anayechanganya kuimba, kuchekesha na vikaragosi anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Anaweza, ila mwangalie Terry Fator wa Texas, Marekani, anayevisemesha vikaragosi bila kutikisa midomo yake, uone ilivyochukua muda. Amezaliwa 1965, na kikaragosi alikianza utotoni. Kwa miaka mingi alizunguka kwenye shule na sherehe za mikoani. Kuna siku alitumbuiza ukumbi wa viti elfu moja, mtazamaji akiwa mtoto mmoja tu! Mwaka 2007 akashinda America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni, na dola milioni 1, na kuanzia 2009 akawa na onyesho lake kwenye hoteli ya The Mirage, Las Vegas, kwa zaidi ya miaka 10.

Kilichombeba ni kuiga sauti za waimbaji. Kipaji hicho alikuwa nacho siku zote, lakini mambo yalibadilika alipokihamishia kwa vikaragosi. Binti wa kitambaa anafungua mdomo, inatoka sauti ya mwimbaji Etta James, na midomo ya Fator haitikisiki hata kidogo. Hapo ndipo ukumbi unaposimama.

Kwa hiyo anza na kioo, ujizoeze kuongea bila kutikisa midomo. Irabu si tatizo. Shida ni b, p, m, f na v, maana zinataka midomo. "Baba" inabidi uitamke kwa ulimi nyuma ya meno, karibu na "dada", huku ukiifikiria b. Kwa Kiswahili kazi ipo kweli, m zimejaa kila mahali. Ukishaweza kuongea hivyo, ndipo uongeze wimbo, polepole.