Daktari Anajibu: Natapika Hata Maji Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 38, na ninaishi Umoja hapa Nairobi. Siku 19 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Juma la kwanza maumivu yalikuwa ya kuvumilika, na katika juma la pili nilianza kunywa uji mwepesi bila shida. Sasa ni siku ya nne kila ninachomeza kinarudi, hata maji. Jirani akikaanga vitunguu, harufu ikipenya chini ya mlango tu naliinamia beseni. Nina maumivu makali chini ya kifua, na tangu juzi nyayo zinanichoma kana kwamba nimekanyaga upupu. Nilipopiga simu kule nilikopasuliwa, aliyepokea aliniambia ni kawaida, nivumilie. Nimenunua diclofenac kwenye duka la dawa na ninameza vidonge viwili kwa siku. Mama mkwe, ambaye ameambiwa kwamba nilipasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, ananipikia supu ya kuku na hushangaa kwa nini siimalizi. Nivumilie hadi lini?

Mama wa Umoja

JIBU: Dada yangu, jarida hili hutoka mara moja kwa mwezi, na barua ya mtu asiyeweza kumeza maji haiwezi kungoja toleo. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile nikakusihi uende hospitalini kabla ya jua kutua. Ulikwenda, na umeniruhusu nieleze yaliyofuata. Kwa hiyo haya ni kwa ajili ya mwenzako ambaye leo ana beseni kando ya kitanda.

Upasuaji uliofanyiwa huondoa kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kubakiza mrija mwembamba unaokaribia umbo la ndizi. Katika siku za mwanzo kuta za mrija huo huwa zimevimba, na dawa za usingizi pamoja na dawa kali za maumivu kama tramadol huongeza kichefuchefu. Hivyo si uongo kwamba kutapikatapika katika siku hizo ni jambo la kawaida. Ila hali ya kawaida hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Wewe ulikuwa umeshaanza kunywa uji, kisha maji yakakataa kupita, na mtu aliyekujibu kwenye simu alipaswa kukuuliza jambo hilo kabla ya kutamka neno “kawaida”. Njia iliyokuwa wazi ikifunga katika juma la tatu, mara nyingi kovu limebana mrija au mrija wenyewe umejipinda. Ndivyo ulivyokutwa: kipimo cha kamera kilionyesha sehemu ya katikati imebanwa, ikapanuliwa kwa puto maalumu linaloingizwa kupitia kinywani, na baada ya majuma mawili ikapanuliwa tena.

Hata hivyo, kilichonitia hofu zaidi katika barua yako ni nyayo. Vitamini B1 haihifadhiki mwilini kwa muda mrefu. Akiba yake huweza kuisha ndani ya majuma mawili au matatu, na mtu anayetapika kila siku huifikia siku hiyo mapema. Kwanza huja ganzi au kuchoma miguuni, kisha miguu hulegea, macho huona vitu viwiliviwili, mwendo huyumba, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa. Madhara hayo, ambayo madaktari huyaita ugonjwa wa Wernicke, yakicheleweshwa huweza kuacha kilema cha kudumu katika ubongo. Kuna jambo moja ambalo ningetaka kila msomaji aliyepasuliwa alikariri: dripu ya sukari ikitangulia kabla ya vitamini B1, huweza kumaliza ile akiba ndogo iliyosalia na kuuamsha ugonjwa papo hapo. Ukifika mahali pa dharura, usione haya kumwambia muuguzi, “Nilipasuliwa kupunguza uzito, nimetapika siku nne, naomba nichomwe B1 kwanza.” Si ujuaji huo.

Diclofenac uiache kabisa, pamoja na ibuprofen na ndugu zao. Huchubua mfuko wa chakula, na mwili ukiwa umekauka maji huziumiza figo pia. Paracetamol ya maji, kwa kipimo alichoandika daktari, ndiyo inayofaa. Kwa kichefuchefu kuna ondansetron ya kuyeyukia kwenye ulimi, inayomsaidia mtu asiyeweza kumeza kidonge. Isipokuwa hufunga choo, na tumbo lililofunga choo nalo hurudisha kichefuchefu, basi umwambie daktari mapema.

Wengine huniuliza juu ya maumivu ya bega. Katika siku chache za kwanza hutokana na hewa iliyojazwa tumboni ili vifaa vipate nafasi, na huisha yenyewe. Maumivu ya bega la kushoto yanayozidi au yanayoanza baadaye, hasa yakiambatana na homa, pumzi kukatika au moyo kwenda mapigo zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umetulia, huenda yakawa ya mshono unaovuja, na hayo hayangoji asubuhi. Vivyo hivyo mguu mmoja kuvimba, au mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi au kukosekana kwa saa nane.

Sasa kwa kuwa njia imefunguka, tuzungumzie kijiko. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Ukinywa kimoja kila dakika 2, saa moja inakupa mililita 150, na saa 10 zinakupa lita moja na nusu, ambayo ndiyo shabaha ya siku. Uliniambia kwamba binti yako wa darasa la tatu ndiye anayeshika saa ya simu na kukupigia kelele “Mama, kijiko!”, na sina dawa inayoshinda hiyo. Usigugumie, usinywe pamoja na chakula, na ukishakula subiri nusu saa. Maji ya uvuguvugu huwakubali wengi kuliko ya baridi, na tangawizi kidogo hutuliza. Vidonge vya madini ya chuma usivimeze tumbo likiwa tupu. Maziwa yakikusumbua yapumzishe kwa muda. Mala huvumilika zaidi. Na ikiwa kichefuchefu kitarudi baada ya miezi kadhaa, pima mimba kabla ya kuulaumu mshono, kwani uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba hupanda, nasi hushauri kungoja miezi 12 hadi 18.

Kuhusu mama mkwe, siri ni yako na sikulazimishi. Lakini angalau mtu mmoja mzima nyumbani ajue ulichofanyiwa, kwa sababu siku utakayochanganyikiwa hutaweza kujisemea. Supu yake ni njema, mradi ipozwe, utando wa mafuta uenguliwe juu, nayo ipite kwa kijiko kilekile.

SWALI: Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa baipasi unaobakiza kimfuko kidogo cha chakula kilichounganishwa na utumbo, miezi 14 iliyopita na amepungua kilo 41. Kila baada ya siku kadhaa anashikwa na maumivu ya kukata karibu na kitovu, akila huzidi, kisha hupotea. Tumepiga picha mara mbili hapa mjini, tukaambiwa hakuna kitu. Je, ni hofu tu?

Baba wa Kahawa West

JIBU: Bwana, maumivu yanayokuja na kuondoka baada ya baipasi nisingeyaita hofu, hata picha ikiwa safi. Baada ya mafuta kuyeyuka, ndani ya tumbo hubaki mianya ambamo utumbo huweza kuponyoka, kujisokota, kisha kurudi mahali pake. Ukipigwa picha wakati umerudi, hauonekani. Vijiwe vya nyongo, ambavyo hupenda kuzaliwa mtu anapopungua haraka, vichunguzwe pia, pamoja na kidonda kwenye maungio, hasa ikiwa anavuta sigara au anameza dawa za maumivu. Mrudisheni kwa mpasuaji wa upasuaji huu, si daktari yeyote, maana wakati mwingine jibu hupatikana kwa kuchungulia ndani kwa vifaa. Siku maumivu yatakapokataa kuachia, akatapika na asiweze kunyooka, nendeni usiku huohuo, na mhakikishe neno “baipasi” limeandikwa juu ya faili kabla hajaingizwa mpira wowote puani, kwa kuwa mpira ukisukumwa bila kuona huweza kutoboa kile kimfuko kidogo kilichobaki.