Kabla Hujafunga Rejeta Kubwa ya Oili Kwenye Ndege Uliyoijenga Mwenyewe

Kama oili ya injini yako inasogelea mstari mwekundu kila unapopaa siku za joto, usikimbilie kuagiza rejeta kubwa. Nakuambia hivi mimi ambaye mwishowe niliiagiza, nikaifunga, na sijutii. Lakini karibu nusu ya joto nililokuwa napambana nalo liliondoka kwa silikoni na vipande vya mpira, rejeta ya zamani ikiwa bado mahali pake.

Naishi kaskazini mwa Texas. Agosti huku joto hufika nyuzi 38 kivulini, na bawa la alumini lililoshinda juani huligusi mara mbili. Ndege yangu ina viti viwili, niliiunganisha gerejini kutoka kwenye makasha ya vipande, na injini yake ni Lycoming O-360 ya nguvu farasi 180. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujijengea ndege kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye kwa mikono yake, na ndege ya aina hiyo unaweza kuifanyia matengenezo mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu. Ndio pia unaotufanya tununue vifaa kabla ya kupima. Kazi inayonilisha ni ufundi wa viyoyozi, na kwenye suala hili imenisaidia kuliko vitabu vyote vya ndege nilivyo navyo.

Tuanze na namba. Lycoming, watengenezaji wa injini hii, wameweka kikomo cha joto la oili kwa injini hii kuwa nyuzi 245 za Farenhaiti, yaani 118 za Selsiasi. Ukishatulia angani, wanapenda ikae kwenye 82 hivi. Nitaendelea na Selsiasi. Mtu akiniambia oili yake inagusa 100 akipaa mchana wa Agosti, kisha inashuka akishalaza pua ya ndege, namwambia ndege yake haina ugonjwa, aende akaruke. Anayefika 113 huku sindano bado inapanda ndiye mwenye kazi.

Kuna hesabu nyepesi ambayo imenifaa sana: joto la nje likiongezeka nyuzi 1, oili nayo hupanda takriban nyuzi 1, mambo mengine yakibaki vilevile. Ukipaa asubuhi ya nyuzi 18 na oili ikafika 95, mchana wa nyuzi 38 itegemee karibu 115. Fanya hesabu hiyo mwezi wa tatu, usingoje Agosti ikufanyie.

Jamaa mmoja wa Nairobi aliniuliza kama uwanja wa Wilson, kwa kuwa uko juu na hewa yake ni nyepesi, unadai rejeta kubwa kuliko Mombasa. Kwa kawaida ni kinyume. Wilson iko kama mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, na ni kweli hewa nyepesi hupoza kidogo. Lakini injini isiyo na tabochaja hupoteza nguvu pia kwenye hewa hiyo, kama asilimia 15 hivi, kwa hiyo inazalisha joto dogo. Mombasa injini inatoa nguvu zake zote ndani ya hewa ya nyuzi 32. Ukitaka kuijua rejeta yako, ipeleke Pwani.

Kabla hujaamini joto lolote, ipime geji. Chomoa sensa ya oili bila kuikata kwenye nyaya zake, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kisha usome geji. (Jiko liwe la umeme, na liwe mbali na mafuta ya ndege. Hanga, yaani banda la ndege, likiungua hutahitaji rejeta.) Huku kwetu lazima isome 99 au 100. Nairobi maji huchemka kwenye 94 hivi, kwa hiyo usije ukailaumu sensa bure. Jirani yangu wa hanga geji yake ilikuwa inadanganya kwa nyuzi 8, naye kasha la rejeta mpya lilikuwa tayari liko njiani.

Inayofuata ni themostati ya oili, ambayo mafundi wa ndege wanaijua kwa jina la vernatherm. Oili ikiwa baridi, valvu hii huiacha sehemu yake kubwa ipite njia ya mkato bila kuingia kwenye rejeta, ingawa kiasi kidogo bado hupita humo. Joto likifika 85 hivi, kijiti chake hurefuka na kuiziba njia hiyo, na oili yote inalazimika kuzunguka kwenye rejeta. Kijiti kisipokaa sawasawa kwenye kiti chake, oili ya moto huendelea kupenya njia ya mkato, na hapo hata ukifunga rejeta ya lori haitapoa. Itoe, iweke kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto, uone kama inarefuka. Kisha angalia alama iliyojichora kwenye ncha yake. Duara kamili ni habari njema. Alama ya upande mmoja maana yake haifungi. Na kama injini ni mpya, ring zake bado hazijakaa kwenye silinda, msuguano ni mwingi na joto linakuwa juu kwa saa kadhaa za mwanzo. Ipe muda kabla hujaihukumu.

Sasa twende kwenye hewa.

Rejeta inapoza kwa hewa inayopita ndani yake, na hewa haipiti mpaka presha ya mbele iizidi ya nyuma. Kwenye ndege kama yangu, hewa huingia kwa matundu mawili pembeni mwa propela, hujaa juu ya silinda, halafu husukumwa ishuke kati ya mapezi ya silinda (vile vibati vyembamba vya kupozea) na kupitia rejeta hadi chini ya boneti, itoke nyuma. Presha yote uliyo nayo ni ile inayoletwa na mwendo, ukiacha msukumo mdogo wa propela. Kwa kilomita 165 kwa saa, ambao ndio mwendo wangu wa kupaa, hewa ya usawa wa bahari haiwezi kukupa zaidi ya sentimita 13 za maji. Kwa kilomita 280 inakupa karibu 38. Hapo utaona kwa nini oili inapata joto sana injini ikiwa kwenye nguvu zote na mwendo ukiwa mdogo, na kwa nini inashuka yenyewe ukiacha kupanda. Pia utaona dawa ya bure: paa kwa mwendo mkubwa kidogo. Ukiongeza kilomita 30 kwa saa, ndege itapanda polepole kidogo na oili itakushukuru.

Sisi wa viyoyozi hatuzungumzii ukubwa wa mashine kabla ya kupima presha kwenye mabomba ya hewa. Nilifanya hivyohivyo kwenye ndege. Mrija mmoja wa plastiki nikauishia juu ya rejeta, mwingine nyuma yake, yote miwili ikaingia kabini kwenye mita ya mwendo ya akiba: wa juu upande wa pitoti (unaopokea presha ya hewa inayopiga mbele), wa nyuma upande wa stetiki (unaopokea presha ya hewa iliyotulia). Sindano hukuonyesha tofauti ya presha kana kwamba ni mwendo. Ukipaa kwa 165 na mita hiyo ikasoma 115, ujue nusu tu ya presha ndiyo inayofanya kazi kwenye rejeta, kwa sababu presha hufuata mraba wa mwendo. Yangu ilisoma chini ya hapo. Kwa presha ile, rejeta mpya ingekaa pale ikingoja hewa kama ile ya zamani.

Kama maji kwenye paa bovu, hewa hutafuta tundu. Usiku nilizima taa za hanga, nikaweka taa ya mkono chini ya boneti, nikachungulia kwa mbele kupitia matundu ya hewa. Palipoonekana mwanga ndipo presha ilipokuwa inatorokea: kwenye kona za mabati yanayoizunguka injini, kwenye matundu ya nyaya za plagi, na, jambo lililoniudhi zaidi, kwenye mshono wa rejeta yenyewe na bati lake. Mipira ya kuziba iliyo pembeni mwa mabati hayo ndiyo ya kuangalia kwa makini. Lazima ilale kuelekea ndani, upande wenye presha, ili hewa iibane kwenye boneti. Kipande kimoja kilichopinduka nje ni dirisha lililo wazi muda wote wa safari. Niliziba nyufa kwa silikoni nyekundu inayovumilia joto, nikakata mipira upya penye mikunjo. Oili ikashuka kutoka 113 hadi 107 kwenye siku zinazofanana, na silinda nazo zikapoa.

Angalia pia njia ya kutokea. Hewa isiyoweza kutoka haiingii, na chini ya boneti za wengi wetu mabomba ya ekzosi na kasha la hita vimejazana mlangoni.

Baada ya yote hayo, kama presha kwenye rejeta ni nzuri na oili bado iko 107, rejeta ni ndogo. Hapo agiza. Nilitoka kwenye ya safu 7 za mirija nikaenda kwenye ya safu 13, mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Kuhusu rejeta zilizotumika nina neno moja: iliyotoka kwenye injini iliyotema chuma usiichukue hata ukipewa bure. Vipande vya chuma hujificha kwenye mirija yake, hakuna kuosha kunakoviondoa vyote, na siku vitakapotoka vitakwenda kwenye bearing zako.

Mahali pa kuifunga pamenisumbua kuliko kitu kingine. Wengi huiweka kwenye bati la nyuma la kushoto, nyuma ya silinda namba 4. Ni karibu, hozi zake ni fupi, na inatikisika pamoja na injini. Lakini lile ni bati jembamba. Ukilitundikia rejeta nzito iliyojaa oili, mtetemo utalipasua, na nyufa huanza kwenye matundu ya ribiti ambako huzioni mpaka utoe boneti. Ukiamua kubaki hapo, weka bati la pili la kuimarisha na pembe za alumini, na shika rejeta juu na chini. Kumbuka pia kwamba unainyang'anya silinda namba 4 hewa yake. Lycoming wanashauri silinda zisizidi nyuzi 224 mfululizo kama unataka injini idumu, kwa hiyo usiiponye oili kwa kuichoma silinda.

Mimi niliihamishia kwenye ukuta wa kuzuia moto, ulio kati ya injini na kabini, hewa ikiletwa na bomba laini la inchi 4. Uzito sasa umebebwa na kitu imara. Gharama yake ni kwamba injini inacheza kwenye mipira yake wakati rejeta imetulia, hivyo hozi lazima ziwe na ulegevu wa kutosha bila kugusana na ekzosi, tena zivae soksi ya kuzuia moto. Gharama ya pili ni kasha linalounganisha bomba na uso wa rejeta. Bomba ni dogo kuliko uso wa rejeta, na hewa haigeuki kona kwa kuombwa. Ukiishia bomba sentimita 3 tu kutoka kwenye mapezi, katikati patapoa na kona zitabaki za moto. Lifanye kasha liwe refu kadiri nafasi inavyokubali na litanuke polepole.

Kwenye viungio vya oili, tumia dawa ya kuzibia nyuzi za viungio, si utepe mweupe wa mabomba ya maji, na usiipake kwenye uzi wa kwanza. Kipande cha utepe kikikatikia ndani ya njia ya oili hujui kitakwama wapi. Unapokaza, spana ya pili ishike shingo ya rejeta. Hiyo ni alumini, na nguvu ya mkono mmoja wenye hasira inatosha kuipasua. Matundu ya oili yakae juu ikiwezekana, hewa isinaswe ndani.

Washa injini boneti ikiwa wazi, zima, kagua kila kiungio kwa tochi na karatasi nyeupe. Kisha pima oili, halafu ipime tena baada ya safari ya kwanza ya moto, maana kabla ya themostati kufunga njia ya mkato rejeta kubwa inaweza kuwa bado haijajaa. Angalia presha ya oili pia: 55 hadi 95 kwa kipimo cha PSI ndiyo kawaida ya injini hii. Andika uzito mpya na mahali ulipo kwenye hesabu za mizani. Soma masharti ya ndege yako kuhusu mabadiliko makubwa, kwani mara nyingi hudai angalau saa 5 za majaribio bila abiria. Hata kama yako hayakubani, safari za mwanzo nenda peke yako, juu ya uwanja, kwenye mduara mpana. Mke wangu alisubiri chini na hakulalamika.

Sasa mchana wa nyuzi 38 oili yangu inaishia 99. Shida imehamia Januari. Texas nayo ina baridi, na rejeta hii ikipata hewa ya nyuzi 0 oili haifiki hata 70. Hiyo nayo ni mbaya: unyevu hauchemki ukatoka, asidi inajengeka, na kwenye injini hizi kemshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu, mahali panapoota kutu kwanza. Wengine hubandika mkanda wa alumini kwenye sehemu ya uso wa rejeta kila msimu, na unafanya kazi, ila utausahau siku ya kwanza ya joto la Machi. Mimi niliweka kipepeo, yaani kibati cha duara kinachozunguka kuziba au kuachia hewa, ndani ya bomba la inchi 4, kikivutwa kwa kebo kutoka kabini. Kiwekee springi ya kukifungua, kebo ikikatika hewa iendelee kupita.