Mwanangu, kuhusu lile fundisho

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia kwamba mwalimu wa kikundi chenu cha Biblia amefundisha kuwa mgonjwa asiyepona amepungukiwa imani, na kwamba yule dada aliyefiwa na mtoto alikuwa ameketi palepale, ameinamisha kichwa. Unaniuliza usimame Jumapili umsahihishe mbele ya wote, au unyamaze ili amani iwepo.

Hujakosea kuumia. Fundisho hilo si kweli. Yesu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alijibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliomtesa mwilini, na mwiba ukabaki. Tena Paulo alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, mjini Mileto akiwa mgonjwa, na katika kulitaja jambo hilo hakusema lolote kuhusu imani yake.

Ila ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na umri kama wako, mzee mmoja aliyekuwa akitufundisha alisema Biblia inasema, "Jisaidie, nami nitakusaidia." Mstari huo haumo. Nikasimama, nikamwomba mbele ya watu atupe sura na aya. Akaanza kufunua kurasa: Mithali, akarudi Zaburi, akaenda Yakobo. Kidole kilikuwa kinamtetemeka, na mimi bado nimesimama. Nyuma yangu watu wakaanza kucheka. Akafunga Biblia, akavua miwani akaitia mfukoni, akasema, "Basi tuombe." Hakufundisha tena. Habari ya mstari nilikuwa sahihi, na hadi leo nikimkumbuka moyo unaniuma. Ningeweza kumfuata mlangoni baada ya ibada, tukamaliza kwa dakika tano.

Ndiyo maana nawapenda Prisila na Akila, wale mke na mume wa kitabu cha Matendo. Apolo wa Aleksandria alikuwa msemaji hodari, anayajua Maandiko, ila ubatizo aliojua ni ule wa Yohana tu. Walimsikia sinagogini, wakamchukua kwao, wakamweleza njia kwa usahihi zaidi. Walivyomwambia huko, Luka hakuandika. Ameandika kwamba Apolo alivuka kwenda Akaya akawafaa sana walioamini. Nimejiuliza mara nyingi: kama wangemkatiza palepale mbele ya watu, angevuka?

Basi mfuate mwalimu wako mkiwa wawili tu. Kwa kuwa amekuzidi umri, kumbuka Timotheo aliambiwa mzee asimkemee, amwonye kama baba. Anza kwa kuuliza: "Mwalimu, nilikuelewa hivi, ndivyo ulivyokusudia?" Huenda ulimi uliteleza. Kama ndivyo anavyoamini, nadhani atakufungulia Mathayo 17, pale Yesu aliposema, "Kwa sababu ya upungufu wa imani yenu." Usimkatize, someni pamoja taratibu. Maneno hayo waliambiwa wanafunzi, walioshindwa kumponya kijana. Kijana mwenyewe hakulaumiwa. Na baba yake, tukisoma kwa Marko, alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona. Akiliona hilo, mwachie alirekebishe mwenyewe mbele ya kikundi, kwa maneno yake.

Akikataa, usinyamaze. Rudi kwake na mtu wa pili, kisha mpeleke jambo kwa wazee wa kanisa. Paulo alimpinga Kefa, yaani Petro, mbele ya wote, kwa kuwa wengine walikuwa wameshamfuata, hata Barnaba, na ndugu wasio Wayahudi wakatengwa mezani. Fundisho linalomwacha mtu na jeraha haliachwi liendelee kwa jina la amani. Mengine yote, ya vyakula na ya siku, soma Warumi 14 uyaache yapite.

Lakini mimi, mwanangu, nisingeanza na mwalimu. Yeye anaweza kungoja siku mbili tatu. Yule dada analala na maneno yale kila usiku. Nenda kwake kwanza, na usifike na mistari. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo ndipo walipomfaa. Walipofungua vinywa wakaharibu. Keti naye. Akikuuliza kama mtoto alikufa kwa sababu yeye hakuamini vya kutosha, mwambie hapana, na usiongeze "lakini". Akitaka kumtaja mtoto kwa jina, msikilize, hata kama atarudia habari ileile mara nne.

Nakuombea kila jioni. Niandikie ukishatoka kwake.

Mama yako