Maswali ya Wasomaji: Taa Isiyomwona Mtu, Kamera Inayoona Mbu

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia vifaa vya kuhisi mwendo. Kabla ya majibu, shikeni jambo moja, maana litarudi kila mahali hapa chini: hakuna kifaa kinachouzwa dukani kinachoona mwendo wenyewe. Kimoja huona joto linalohama, kingine huona pikseli (vidoti vinavyounda picha) zinazobadilika mwanga, kingine husikiliza mawimbi ya redio yanayorudi. Makosa ya kila kimoja hutokana na kile hasa kinachokiona.

Nimefunga taa ya sensa barazani. Alfajiri inawaka hata paka akipita, lakini jioni mtu anafika mlangoni kabisa ndipo iwake. Fundi ameongeza nguvu ya kuona mpaka mwisho, hakuna kilichobadilika. Je, ni mbovu?
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Si mbovu. Sensa hiyo, ambayo mafundi wanaiita PIR, hupima joto linalotoka mwilini kwa mawimbi ya infraredi yenye urefu wa takriban maikromita 10. Ndani ya kile kikombe cheupe cha plastiki kuna kipande kidogo kilichogawanywa sehemu mbili. Saketi huamka pale sehemu moja inapopata joto kabla ya nyenzake, yaani mtu anapopita akitoka upande mmoja kwenda mwingine.

Sasa fikiria hali ya hewa ya Dar. Ngozi ya mtu ina nyuzijoto 33 hivi. Alfajiri ya Julai ukuta wa jirani umepoa sana, na mtu akipita mbele yake anaonekana kama kaa la moto. Jioni ya Februari ukuta ule ule, uliochomwa na jua kutwa nzima, unaweza kuwa na nyuzijoto 33 vilevile. Mtu hatofautiani na ukuta, basi sensa haina cha kuona. Kuongeza nguvu hakusaidii, kwa sababu tofauti yenyewe ya joto haipo. Matokeo yake ni kuokota kila paka usiku ukipoa.

Dawa iko kwenye kuifunga upya. Iweke urefu wa mita 2 hadi 2.5, na uielekeze ili mgeni *aikate* njia yake, asiifuate moja kwa moja. Anayekuja akiitazama sensa usoni huchelewa sana kuonekana, na wengi hufunga taa juu ya mlango hivyo hivyo. Ihamishie pembeni mwa kijia. Usiielekeze kwenye mabati, ukuta wa magharibi, wala mashine ya nje ya kiyoyozi. Kwa ajili ya paka, ziba sehemu ya chini ya kikombe kwa utepe mweusi wa umeme, ukiubandika kwa ndani. Wala usiifiche nyuma ya kioo cha dirisha ili isilowe: kioo kinapitisha mwanga tunaouona sisi, lakini joto la infraredi hakipitishi.

Kama baraza lina joto mwaka mzima, badilisha uchukue sensa ya rada. Hiyo haijali joto. Ila mawimbi yake hupita kwenye mbao na kuta nyembamba, kwa hiyo itawaka pia mtu akitembea sebuleni. Fikiria kilicho nyuma yake, si kilicho mbele tu.

Natengeneza king'ora kwa sensa ya joto (PIR) ya aina ya HC-SR501 na bodi ya ESP32 inayotuma ujumbe kwa Wi-Fi. Kinalia chenyewe usiku kucha chumba kikiwa kitupu. Nimebadilisha sensa tatu!
*Mwanafunzi wa ufundi umeme, Dodoma*

Usinunue ya nne. Angalia kwanza kinalia *lini*. Kikilia mara moja, kikatuma ujumbe, kisha kikalia tena sekunde chache baadaye, basi kinajiamsha chenyewe. Wi-Fi inapotuma, bodi huvuta umeme kwa mshtuko na antena hurusha mawimbi. Sensa hii hukuza ishara ndogo mno, kwa hiyo mshtuko huo huusoma kama mtu aliyepita. Inatoa ishara, bodi inatuma ujumbe, mshtuko unarudi, na mzunguko hauishi.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: pakia programu isiyowasha Wi-Fi kabisa, iandike tu matukio, uiache usiku mmoja. Ukikuta kimya, mkosaji umempata. Hapo fanya haya kwa mpangilio, ukijaribu baada ya kila hatua.

Ipe sensa volti 5 kutoka kwenye adapta, si 3.3 za bodi, kwa kuwa ina kidhibiti chake cha ndani kinachoanzia volti 4.5 hivi. Waya wake wa kutoa ishara una volti 3.3, hivyo unaingia ESP32 moja kwa moja bila hatari. Weka kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi pale pale kwenye miguu ya sensa, na nyingine ndogo ya 0.1 sambamba nayo. Isogeze mbali na antena, angalau sentimita 30, na waya zake zisokote pamoja. Kama king'ora kinaendeshwa na relei (swichi inayowashwa kwa umeme), hakikisha koili yake ina dayodi, maana relei isiyo na dayodi hufanya ufisadi ule ule.

Kwenye programu, puuza kila kitu kwa sekunde 60 za kwanza. Sensa inapowashwa huhitaji karibu dakika moja kuzoea joto la chumba, na katika muda huo hutoa ishara za uongo. Kisha usilize king'ora kwa ishara moja. Dai ishara mbili ndani ya sekunde 15. Kumbuka tu kwamba ikishazimika hunyamaza sekunde 2 hadi 3 kabla ya kuweza kuona tena. Kwa kazi yako rudisha skrubu ya muda kwenye kiwango cha chini kabisa, na kijumpa (kile kiunganishi kidogo cha kuchagua L au H) kiweke kwenye L, ili kila tukio lihesabiwe peke yake. Kwenye H, sensa huendelea kuwasha mfululizo maadamu mtu anasogea, na ishara ya pili huioni kamwe. H inafaa taa.

La mwisho: mpangilio wa miguu mitatu hutofautiana kwa mtengenezaji. Ng'oa kikombe cheupe taratibu usome maandishi yaliyo chini yake kabla ya kuunga umeme. Sensa nyingi hufa hapo.

Dukani kwangu nimeweka kamera za CCTV zinazotuma taarifa kwenye simu. Mchana hazina shida. Usiku simu inalia mara mia, nikifungua video naona kama vimulimuli vyeupe tu.
*Mfanyabiashara, Mwanza*

Vimulimuli hivyo ni wadudu wa ziwani, mbu, na nyuzi za buibui. Kamera haipimi joto kama ile taa ya Temeke. Inachukua picha, kila pikseli ikiwa na namba ya mwanga kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), kisha inailinganisha na picha iliyotangulia. Pikseli za kutosha zikibadilika kuliko kiwango kilichowekwa, inasema kuna mwendo. Usiku inawasha taa zake za infraredi zinazoizunguka lenzi. Mdudu aliye sentimita 10 mbele ya lenzi anapigwa na mwanga huo kwa nguvu zote na kuziba eneo kubwa la picha kuliko mwizi aliye mita 8. Kwa hesabu ya pikseli, mdudu ndiye aliyeshinda.

Zima taa za infraredi za kamera yenyewe, ununue taa ya infraredi ya kujitegemea, uifunge mita moja au zaidi pembeni. Wadudu wakiruka mbele ya lenzi hawatamulikwa tena. Taa nyeupe ya kibarazani nayo iondoe karibu na kamera, kwa kuwa ndiyo inayowaita. Futa utando wa buibui kila wiki kwa kitambaa kikavu laini, na usipake mafuta ya aina yoyote kwenye kioo.

Halafu ingia kwenye mipangilio uchore eneo la kuangaliwa: mlango na kaunta tu. Acha nje miti, bendera, na barabara yenye taa za magari. Kama kamera yako ina chaguo la kutambua *mtu* badala ya mwendo wowote, liwashe. Hapo inatazama umbo, na mdudu hana umbo la mtu.

Mwizi alionekana vizuri kwenye kamera, akiwa mita 15, lakini tukikuza picha uso unakuwa ukungu. Kuna programu ya kuusafisha?
*Msomaji, Kisumu*

Hapana, na anayekuuzia programu hiyo anakudanganya. Tupige hesabu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo hufungwa kila mahali, picha ya umbali wa mita 15 inabeba upana wa mita 30 hivi. Hiyo ni pikseli 64 kwa kila mita. Uso wenye upana wa sentimita 16 unapata pikseli 10. Sura ya mtu haimo katika pikseli 10. Programu za kisasa zinaweza kuchora uso mzuri hapo, lakini zitakuwa zimeubuni, na uso huo unaweza kufanana na wa mtu asiye na hatia.

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli 125 kwa mita ili kumtambua mtu unayemfahamu tayari, na 250 ili kumbaini usiyemfahamu. Kwa lenzi yako, 250 zinapatikana chini ya mita 4 tu. Lenzi ya milimita 12 ingekupa karibu 270 kwenye mita zile zile 15, ingawa ingeona upana wa mita 7 peke yake. Ndiyo maana duka linahitaji kamera mbili: ya lenzi pana kuonyesha kilichotokea, na ya lenzi nyembamba iliyolenga mlango, kwenye kimo cha uso, kuonyesha ni nani. Kamera iliyopachikwa darini hurekodi vipara na kofia.

Usiku kuna adui mwingine. Kamera hukaa na jicho wazi muda mrefu ili kupata mwanga, mara nyingi sekunde 1/25. Anayekimbia mita 5 kwa sekunde anasogea sentimita 20 katika muda huo, na uso wake unapakwa kwenye picha kama rangi mbichi. Weka 1/100 na uongeze taa. Kwa namba ya gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa, 1/25 ni sentimita 40 za ukungu, na 1/1000 ni sentimita 1. Shuka mpaka huko.

Diski ya TB 1 na kamera nne: siku ngapi?
*Msomaji, Arusha*

Kamera inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula GB 21.6 kwa siku. Nne ni GB 86.4. Siku 11 na ushee, ikirekodi mfululizo.

Nyani na nguruwe wanamaliza mahindi. Nimeazima kamera ya kutegeshea porini nijue wanaingilia wapi, lakini kati ya picha 900 zaidi ya 800 ni nyasi tupu.
*Mkulima, Morogoro*

Pole, ila huko ndiko walikopita hata wataalamu. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 katika Hifadhi ya Serengeti kuanzia 2010. Kati ya mafungu ya picha milioni 1.2 yaliyokusanywa hadi 2013, yenye wanyama yalikuwa 322,653. Kamera hizi huamshwa na sensa ya joto, na nyasi zilizopashwa na jua zikipepea zina joto na zina mwendo.

Fyeka mita 4 hivi mbele ya kamera. Ifunge kwenye mti mnene usioyumba, urefu wa sentimita 50 kwa nguruwe. Ielekeze kaskazini au kusini, maana jua letu huchomoza na kuzama karibu usawa wa mashariki na magharibi na litaipiga lenzi. Iegemeze nyuzi 45 na njia ya wanyama. Ukiiweka mraba kabisa, mnyama anayekimbia hutoka kwenye picha kabla haijafyatua, unabaki na mkia. Weka picha 3 kwa kila tukio.

Wanafunzi wangu wanataka kuhesabu matatu (daladala) kwa kompyuta, kutoka video ya simu. Tuanzie wapi?
*Mwalimu, Nakuru*

Mwalimu, OpenCV, maktaba ya programu za kuchambua picha kwa lugha ya Python, ni bure na inatosha. Simu ikae kwenye tripodi, ghorofani, ikiangalia chini, ili gari moja lisilifunike jingine. Punguza video iwe na upana wa pikseli 640. Kisha tumieni MOG2, kipengele kinachojifunza sura ya barabara tupu na kutoa kila kisicho barabara.

Matatizo yataanzia kwenye kivuli. MOG2 huchora gari kwa 255 na kivuli kwa 127, hivyo mkikata kila kilicho chini ya 200 kivuli kinaondoka. Bila hivyo, saa kumi jioni magari mawili yataungana kuwa moja kwa vivuli vyao. Kisha zibeni matundu ya vioo kwa kufumba umbo (morphological closing katika OpenCV), na tupeni vipande vidogo kuliko pikseli 1500. Namba hiyo mtairekebisha kwa video yenu.

Tatizo kubwa zaidi ni matatu inayosubiri abiria. Kumbukumbu ya MOG2 ni fremu (picha moja moja za video) 500, yaani sekunde 20 tu kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Gari likisimama huanza kuyeyuka hata kabla ya hapo na kuwa sehemu ya barabara, na likiondoka huacha mzuka wake unaohesabiwa. Pandisheni kumbukumbu hadi 3000, au choreni mstari wa kuhesabia mbali na kituo. Hesabuni kitovu cha gari kinapovuka mstari, na kila gari lipewe namba yake ili lisihesabiwe mara mbili.

Kabla ya kuamini jibu, wanafunzi wawili wahesabu kwa macho dakika 15 za video ile ile, kila mmoja peke yake. Mvua ikinyesha usiku msihangaike kurekodi: taa za magari juu ya lami iliyolowa zitawapa magari ambayo hayapo.